Haiba ya Mwuaji

Swali nitakalolizungumza hapa limetoka mahali ambapo watu wazima hawatarajii kukuta swali la maana, yaani katika sinema. Nalo ni hili: Je, mtu anakosa akimpenda mwuaji wa hadithi? Sisemi kumhurumia, maana huruma ni deni la kila kiumbe. Nasema kumpenda: kumngojea atokee, kufurahi anapowashinda wanaomwinda, na kusikitika picha inapokwisha kabla hajafanya tena vituko vyake. Wengi wetu tumeliona jambo hilo katika nafsi zetu. Tumekaa gizani, mtu mwovu anatokea, amevaa vizuri, ana maneno matamu, ana akili kuwapita wote waliomzunguka, na kabla hatujajitambua mioyo yetu imekwisha kuhamia upande wake.

Swali hili si jepesi kama lionekanavyo. Ukisema, "Naam, anakosa," utaulizwa kwa nini mamilioni ya watu wema, wenye kazi na watoto na sala zao, wametazama picha za namna hiyo, wakarudi nyumbani wakalala, wala hawakumdhuru hata kuku. Ukisema, "La, hana kosa, ule ni mchezo tu," utaulizwa kwa nini basi ungeona haya kumshangilia mwuaji yule yule mbele ya mama aliyeuawa mwanawe. Jambo lisiloweza kufanywa mbele ya mwenye msiba lataka kuangaliwa mara ya pili.

Mwuaji aliyependwa kuliko wote katika sinema za zama zetu ni Hannibal Lecter, daktari wa magonjwa ya akili aliyetungwa na mwandishi wa Marekani, Thomas Harris. Ni mtu msomi, mpenda muziki na sanaa, mwenye adabu nyingi mezani. Na chakula chake, mara nyingine, ni nyama ya watu. Mwaka wa 1991 alionyeshwa katika picha iitwayo The Silence of the Lambs, akiigizwa na Anthony Hopkins. Katika picha hiyo ya karibu saa mbili, mwuaji huyu haonekani hata nusu saa. Yumo kifungoni, na mwenye hadithi hasa ni msichana anayejifunza kazi ya upelelezi, anayemtafuta mwuaji mwingine ili amwokoe mateka angali hai. Picha ilipewa tuzo tano kubwa za Oscar mwaka wa 1992, moja ya tuzo hizo ikiwa ya Hopkins. Lakini watazamaji walipotoka ukumbini midomo yao haikumtaja sana msichana, wala mateka aliyeokolewa. Walimtaja mla watu. Mwaka wa 2003, Taasisi ya Filamu ya Marekani ilipopanga orodha ya waovu mashuhuri katika sinema za nchi hiyo, Lecter aliwekwa wa kwanza.

Kwa hiyo alirudishwa. Mwaka wa 2001 ilitoka sehemu ya pili, na safari hii jina lake mwenyewe, Hannibal, ndilo lililokuwa jina la picha. Hapo tuangalie kwa makini, maana sehemu ya pili yatufundisha kitu ambacho sehemu ya kwanza ilikificha. Mwuaji sasa yu huru, anakaa Florence katika nchi ya Italia, anaishi miongoni mwa vitabu na michoro ya kale. Wanaomwinda ni akina nani? Mmoja ni tajiri aliyewahi kuwanajisi watoto, ambaye uso wake umeharibika hata hautazamiki. Mwingine ni askari anayetaka kumwuza kwa siri ili apate zawadi ya fedha. Wa tatu ni mkubwa wa serikali mwenye hila na matusi. Mtunzi amewachagua kwa uangalifu watu watakaodhurika, akahakikisha kwamba kila mmoja ana uovu wa kutosha kutuzuia tusimlilie. Kisha anatuuliza nani bora. Hizo ni mizani za mnunuzi wa mahindi asiye mwaminifu, aliyeficha jiwe chini ya sahani moja. Mkulima wa Kitale aliyekwisha kupunjwa mara moja huzitambua kwa mbali. Mwishoni mwuaji anaponyoka akiwa ndani ya ndege, nasi twapumua kwa faraja.

Katika vibanda vya video vya Kitale na Bungoma, ambako vijana hukaa kwenye mabao wakasikiliza sauti ya mfasiri ikizima maneno ya Kiingereza na kutia Kiswahili cha mjini mahali pake, mtu mkuu wa picha huitwa stelingi. Na sheria ya kwanza anayoijua kila mtoto aliyewahi kuchungulia kibandani ni kwamba stelingi hafi. Risasi humpita, moto humwogopa, mto humtupa ufukoni. Hapo zamani sheria hiyo ilikuwa ya shujaa peke yake, na ilikuwa na maana ya kufaa: kwamba wema haufi upesi. Mwuaji anapofanywa stelingi, sheria humfuata yeye. Twataka asife kwa sababu akifa hakuna tena picha. Hivyo uhai wa mwuaji umekuwa furaha yetu, na uhai wa wengine wote umekuwa gharama ya furaha hiyo.

Wako watakaosema kwamba hata hadithi za mababu zilijaa mazimwi. Ni kweli, na tena hadithi hizo zilimjua vema mwovu mwenye haiba. Karibu kila kabila la Afrika ya Mashariki lina kisa cha msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijiji, kisha akampenda mgeni mzuri aliyetokea ngomani, asijue kwamba chini ya nywele zake nzuri umefichwa mdomo wa pili. Lakini sikiliza jinsi bibi alivyokisimulia. Hakumfuata zimwi nyumbani kwake ili tujue anapenda muziki gani. Alimfuata msichana, na mara nyingi alimfuata pia mdogo wake mwenye upele aliyekatazwa kwenda akaenda, naye ndiye aliyeona usiku kile ambacho dada hakukiona. Uzuri wa zimwi ulielezwa kwa maneno machache, kama mtu anayeonyesha shimo njiani kwa kidole. Na katika visa vile vingine vya jitu linalomeza kijiji kizima, hadithi haikwishi jitu linapouawa. Hukwisha tumbo linapopasuliwa, wakatoka watu mmoja mmoja, na ng'ombe, na mbuzi, na kuku. Msimuliaji huwahesabu. Watoto nao hawaridhiki mpaka wahesabiwe wote. Wabukusu wa Bungoma husimulia habari ya Mango aliyemwua nyoka mkubwa aliyekuwa akiwamaliza watu; jina lililobaki katika vinywa vya watu, na katika mila za jando, ni la Mango.

Basi tofauti haiko katika kuwapo kwa mwovu katika hadithi. Iko katika jambo la nani anahesabiwa.

Haya yangekuwa mazungumzo ya darasani tu, kama Bungoma isingalijaribiwa kwa kisa cha kweli. Mwezi wa Julai 2021 polisi wa Nairobi walimkamata kijana wa miaka 20 aitwaye Masten Wanjala, mzaliwa wa Bungoma, katika uchunguzi wa kupotea kwa wavulana wawili wa miaka 12 na 13. Polisi walitangaza kwamba aliungama kuwaua watoto zaidi ya kumi katika muda wa miaka mitano, na kwamba aliwaongoza wapelelezi mpaka mahali alipoziacha maiti. Wa kwanza, walisema, alikuwa mtoto wa kike wa miaka 12 huko Machakos. Hakupata kuhukumiwa na mahakama yoyote, kwa sababu nitakayoieleza. Kwa hiyo twayasema haya kama maneno ya upelelezi, wala si kama hukumu.

Alitumia hila gani? Haikuwa akili ya ajabu, wala elimu, wala macho ya kupumbaza kama ya yule daktari wa sinema. Kwa maelezo ya polisi, aliwaendea wavulana akajifanya kocha wa mpira. Hiyo ndiyo haiba yake yote. Mvulana apendaye mpira, aliyezoea kucheza kwa mpira wa matambara katika uwanja usio na nyasi, humpenda mtu yeyote atakayemwambia, "Nimekuona unavyocheza, twende." Neno kama hilo husemwa kila wiki na makocha wema katika viwanja vya Kitale, Kimilili, Webuye na Bungoma mjini, na ni kwa neno kama hilo watoto wengi maskini wamepata karo ya shule na njia ya maisha. Mwuaji hakuitunga haiba hiyo. Aliiiba. Imani ambayo walimu na makocha waliijenga kwa miaka mingi kwa jasho la bure, yeye aliivaa kama koti la mtu mwingine. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Lakini hapa hata rangi ya nje ya mkakasi haikuwa yake.

Jambo hili, kwangu, ndilo kosa kubwa la picha za mwuaji mwenye haiba. Hazisemi uongo kwamba mwovu aweza kuvutia. Hilo ni kweli tupu. Husema uongo juu ya asili ya mvuto wenyewe. Hutuambia kwamba unatoka katika uovu wake, kama harufu itokavyo katika ua, hata tukadhani kwamba kuna ukubwa fulani ambao watu wema hawaujui. Katika maisha, mvuto wa mtu wa namna hii umeazimwa kwa wema. Muuaji wa watoto huigiza upole wa mwalimu. Tapeli huigiza unyofu wa mfanya biashara. Mfitini huigiza uchungu wa ndugu. Mtu aliyefundishwa na sinema kumtafuta mwuaji kwa dalili za utukufu wa ajabu hatamwona anapopita na filimbi shingoni. Kikulacho ki nguoni mwako, nacho hakivai nguo za kifalme.

Tena kuna jambo la majina. Polisi walipotangaza habari ya kijana huyu, walimwita mnyonya damu, wakasema kwamba alifyonza damu ya baadhi ya watoto. Mara moja ulimwengu wote ulisikia. Magazeti ya nchi za mbali, ambayo hayakupata kuandika mstari mmoja juu ya mtoto aliyepotea Machakos, yaliandika habari za mnyonya damu wa Kenya. Neno hilo lilikuwa na nyumba tayari katika masikio yetu. Tangu siku za wakoloni, watu wa pwani na bara waliogopa mumiani, ambao, kwa uvumi wa siku hizo, waliwakamata watu usiku ili watoe damu yao iwe dawa. Na mjini Nairobi watu waliokuwa wakizima moto walishukiwa hivyo hata wengine wakaogopa kupita karibu na gari lao. Hofu ile ilikuwa na sababu zake katika dhuluma ya wakati ule. Lakini tazama kazi linayofanya jina kama hilo likivikwa mtu mmoja. Kwanza, humfanya mashuhuri, kama yule wa sinema. Pili, humwondoa katika idadi ya binadamu. Mumiani hana mama, hana kijiji, hakupata kukaa darasani na mtu yeyote. Na kiumbe asiye binadamu hahitaji mahakama.

Tarehe 13 Oktoba 2021, siku ambayo Wanjala alipaswa kupelekwa mahakamani, ilionekana kwamba ametoroka katika kituo cha polisi cha Jogoo Road, Nairobi. Askari watatu waliokuwa zamu walikamatwa. Siku mbili baadaye, karibu kilomita 400 kutoka hapo, alionekana Bungoma, nyumbani alikozaliwa. Habari zilizotolewa wakati huo zilisema kwamba waliomtambua kwanza walikuwa watoto wa shule, nao wakapiga kelele. Watu wakamkimbilia, akaingia katika nyumba ya jirani, wakamtoa, wakamwua.

Siandiki haya ili niwashutumu wanakijiji hao nikiwa nimekaa kwenye kiti. Hoja yao ni nzito, na yafaa isemwe kwa nguvu zake zote. Mtu alikuwa ameungama. Serikali ilikuwa imemtia mkononi, na mkono huo ukafumbuka. Watoto wa kijiji walikuwa njiani kwenda shule, wa umri ule ule wa waliouawa. Kama wangalimkabidhi tena kwa polisi, nani angewahakikishia kwamba asingerudi? Mzazi hawezi kulala kwa ahadi ya kufuli iliyokwisha kufunguka mara moja. Na akiambiwa kwamba sheria ingemwadhibu, atajibu kwamba ingawa sheria ya Kenya ina adhabu ya kifo, hakuna aliyenyongwa tangu mwaka wa 1987, na kwamba Mahakama ya Juu iliamua Desemba 2017 kuwa jaji halazimiki kuitoa adhabu hiyo kwa kila mwuaji. Asiyeona uzito wa maneno haya hajapata kuwa na mtoto wa kumpeleka shuleni.

Hata hivyo kuna habari nyingine, iliyotolewa katika maelezo yale yale ya polisi, ambayo haikusikika sana kwa sababu neno la mnyonya damu liliizima. Walisema kwamba mauaji ya mtoto mmoja magharibi mwa Kenya yalikuwa yamewaghadhabisha wenyeji kabla ya mwuaji kujulikana, wakaandamana, wakamshuku mtu, wakaichoma moto nyumba yake. Ikiwa maungamo ya Wanjala yalikuwa ya kweli, basi mtu yule hakuwa na hatia. Hasira ilikuwa ya haki, uchungu ulikuwa wa haki, na nyumba iliyoungua ilikuwa ya mtu asiyehusika. Wakati moto ule ulipokuwa ukiwaka, mwuaji alikuwa huru, pengine akitafuta mtoto mwingine, akilindwa na imani ya watu kwamba wamekwisha kumpata.

Hapo ndipo niionapo maana ya mahakama, wala si katika maneno ya waheshimiwa. Kifungu cha 50 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 chasema mshtakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitike vinginevyo. Wengi hudhani kwamba maneno hayo yaliandikwa kumpendelea mwuaji. Yaliandikwa kwa ajili ya yule mwenye nyumba iliyochomwa. Umati wa Oktoba ulimpata mtu aliyetafutwa. Umati wa kwanza haukumpata. Na umati wenyewe, ukiwa umeshika mawe, hauna njia ya kujua uko katika siku ipi kati ya hizo mbili.

Tena kuna hasara iliyowapata wazazi wenyewe. Yeye peke yake ndiye aliyejua mambo yote: watoto walikuwa wangapi hasa, walifia wapi, walisema nini, kama kuna mtu mwingine aliyejua akanyamaza. Mahakamani mambo hayo yangaliulizwa na kuandikwa, na kila mtoto angalitajwa kwa jina lake kamili mbele ya hakimu, mzazi wake amesimama. Kifo chake kilizika maswali hayo yote pamoja naye. Kwa lugha ya hadithi zetu, jitu liliuawa lakini tumbo halikupasuliwa.

Wazee wa Kitale na Bungoma hawahitaji kufundishwa jambo hili na kisa kimoja. Kuanzia mwaka wa 2006 hadi 2008, katika Mlima Elgon, ugomvi wa mashamba ya Chebyuk ulizaa jeshi la vijana wa msituni lililojiita la kulinda ardhi ya Wasabaoti. Kiongozi wake, Wycliffe Matakwei, alikuwa na mvuto wake. Aliwaahidi vijana ardhi, nao walimfuata. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu zaidi ya 600 waliuawa na kundi hilo, na wengine wakakatwa masikio. Watu waliokimbia walijaa Kitale na Bungoma. Jeshi la serikali lilipoingia Machi 2008, wenyeji walishangilia. Kisha wanaume na wavulana kwa maelfu walikusanywa, wakapelekwa kambini Kapkota, na wengi wao, wenye hatia na wasio na hatia, wakateswa. Matakwei aliuawa mwezi wa Mei mwaka ule, naye hakuulizwa swali lolote mahakamani. Mama wa mlimani aliyenyang'anywa mume na vijana wa msituni mwaka mmoja, na mwana na askari mwaka uliofuata, hakuona tofauti kubwa ya haiba kati ya pande hizo mbili.

Sasa turejee katika swali letu. Je, sinema humfanya mtu awe mwuaji? Siamini. Watu wamesikiliza hadithi za kutisha tangu dunia kuumbwa, na moyo wa binadamu hupenda kuchungulia shimo ukiwa umeshika mti. Kuogopa kwa hiari ni namna ya kujizoeza woga wa kweli. Kijana wa Kitale atakayelipa shilingi zake akatazame picha ya mla watu hana dhambi kuliko bibi aliyewatisha wajukuu kwa zimwi kando ya moto. Hata kumstaajabia mwigizaji ni haki. Hopkins ni fundi, na ufundi wataka sifa.

Lakini sidhani kwamba picha hizo hazifanyi kitu. Huyazoeza macho kutazama upande mmoja. Mtu aliyejifunza kwa miaka kumi kwamba mwuaji ni mkubwa kuliko watu, siku atakapomkuta mwuaji wa kweli, kijana mwembamba wa miaka 20 asiye na utukufu wowote, atashindwa kuuunganisha uso huo na matendo yale. Ataona kwamba amedanganywa. Na kwa kuwa hawezi tena kumfanya mkubwa kuliko binadamu, atamfanya mdogo kuliko binadamu, awe mnyama, awe mumiani. Njia hizo mbili huonekana kama zimepeana mgongo: moja yapiga makofi, nyingine yatupa mawe. Nazo zote mbili hutuepusha na jambo moja gumu, yaani kukiri kwamba aliyetenda haya ni mtu, aliyezaliwa na mwanamke, aliyekunywa maji ya kisima chetu, na kwamba kwa hiyo yafaa aulizwe, ajibu, na ahukumiwe kama mtu. Kumhukumu mtu ni heshima kubwa kuliko kumwua mnyama, lakini heshima hiyo si zawadi anayopewa mwuaji. Wapewao ni waliouawa, maana hukumu ndiyo isemayo kwamba mtu mzima mwenye hiari yake aliwatendea uovu, wala hawakukumbwa tu na fisi.

Mwezi wa Julai 2024, katika machimbo ya mawe yaliyoachwa huko Kware, Nairobi, ziliopolewa maiti za wanawake ndani ya magunia. Polisi walimtangaza mshukiwa, wakasema ameungama kuwaua wanawake 42. Wakili wake akasema kwamba maungamo hayo yametolewa kwa mateso. Tarehe 20 Agosti ilitangazwa kwamba mshukiwa huyo ametoroka katika kituo cha polisi cha Gigiri pamoja na mahabusu wengine 12. Ni vigumu kutoliita jambo hilo sehemu ya pili, wala hakuna aliyeitaka. Mazungumzo mitaani yakawa juu ya mshukiwa tena: uso wake, werevu wake, kuta alizozipanda. Majina ya wanawake wale yalisemwa kidogo, na ya wengine hayakusemwa kabisa.

Katika habari nzima ya Bungoma, waliofanya lililo sawa tangu mwanzo mpaka mwisho walikuwa watoto wa shule. Waliuona uso, wakaukumbuka, wakapiga kelele. Hawakuvutwa na umashuhuri wake, wala hawakuwa na nguvu za kumpiga. Walitoa habari ya kweli kwa wakubwa, nayo ilikuwa kazi yote iliyowapasa. Yaliyofuata yalikuwa mikononi mwa wakubwa. Miaka imepita tangu asubuhi ile. Yamkini baadhi yao wamekwisha kuingia katika shule za sekondari, Bungoma au ng'ambo ya Kiminini mpaka Kitale, na vitabu kama hiki huwafikia. Wao, wakisikia wenzao wakibishana juu ya mwuaji wa sinema na sehemu yake ya pili, huenda wakalisikia swali lile kwa sikio jingine.